Kijiko cha Kwanza Hunywa Aliyeleta

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu yake: liwa iliyosagwa juu ya jiwe, na dawa ya maji yenye ladha ya machungwa. Nilikuwa binti wa chuo, miguu myepesi, mdomo mwepesi zaidi, na begi la kampuni begani. Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia Jumatatu unaanza mafunzo kwa vitendo, hayo mnayoyaita fildi, katika kampuni ya kuuza dawa pale Maili Moja. Hongera. Sikukuita hapa kwangu Pangani ili nikukatishe tamaa. Nataka uondoke na jambo ambalo hawatakufundisha kwenye semina yao ya siku ya kwanza, ile ya soda na kofia zenye nembo.

Wapo wanaosema mwanafunzi wa afya akipelekwa kwenye mauzo amepotea njia. Mimi sisemi hivyo. Dawa nzuri isiyojulikana haimponyi mtu. Itakaa kwenye boksi mpaka muda wake uishe, na mgonjwa naye atakaa kitandani mpaka muda wake uishe. Lazima awepo mtu wa kuzibeba habari za dawa kutoka ghalani hadi zahanati. Kazi hiyo ni ya heshima, ikifanywa na mwenye heshima.

Basi, mimi nilikuwa nasomea famasia. Baba yangu alikuwa mkulima wa Mlandizi, mihogo na mananasi kidogo, na ndugu zake wengi wako Kisarawe hadi leo. Kampuni niliyopelekwa ilikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mkuu wetu tulimwita Kaka Deo, kijana mcheshi, shati lake limenyooka hata jua la saa nane. Alitukabidhi sisi wanafunzi wa fildi dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula. Tulitakiwa tuipeleke kwenye zahanati na maduka ya dawa, tuongee na waganga na wauzaji, tuache chupa chache za kujaribia, tuondoke zetu. Wagonjwa na watu wa majumbani hawakuwa watu wetu wa kuongea nao. Hilo nililijua, na Kaka Deo alilijua.

Lakini dawa haikutoka. Waganga walituambia wana wagonjwa wa malaria, hawana mtu anayeugua kukosa njaa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sisi tulikuwa tunaitembeza kweli kweli, mpaka soli zikaisha. Siku moja nikamkuta Kaka Deo amejiinamia mezani, ndipo mdomo wangu ukafunguka. Nikamweleza kwamba kwetu Kisarawe, shule zikifungwa mwezi wa Desemba, mabinti waliovunja ungo huwekwa ndani. Mwali haonwi na mtu wala jua. Anakaa na somo wake, mwanamke anayemfunda. Anasingwa liwa, analishwa. Siku ya kutoka inapigwa ngoma, na macho yote yanamtazama yeye: amenawiri, hakunawiri? Mama wa mwali aliyekonda husemwa mwaka mzima.

"Kaka Deo," nikamwambia, "kina mama wale wanatafuta unene kuliko wanavyotafuta chumvi."

Aliinuka akapiga meza. "Mwanaidi, wewe una kichwa cha biashara! Ukimaliza chuo njoo moja kwa moja. Meza yako ipo hapa."

Unajua maneno hayo yanamfanya nini mtoto wa mkulima, ambaye nyumbani kila mtu anamsubiri aanze kazi? Usiku nililala nimeshamjengea baba nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Kampuni ile isingeujua mlango wa mwali hata ingetembea mwaka mzima. Mimi, mtoto wa hapo hapo, ndiye niliyewaonyesha.

Sasa sikiliza vizuri. Dawa ile inaleta usingizi, na ikizidi inaleta makubwa kuliko usingizi. Nilifundishwa darasani, na nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye mtihani nikapata. Kaka Deo aliniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mdogo wake kufunga tai: "Neno usingizi si neno la kuuzia. Wewe sema inamtuliza." Nikasema sawa. Nikajiambia huo si uongo, kwani aliyelala si ametulia? Ulimi hauna mfupa, na usipouangalia utajipa ruhusa wenyewe.

Nyumba ya kwanza niliyoingia kule Msimbu ilikuwa ya Mama Rehema, jirani wa shangazi yangu. Mwanawe Rehema alikuwa ndani. Nikamwachia chupa, nikamwonyesha kijiko, nikamwambia inaleta hamu ya kula na inamtuliza mwali. Alinishika mikono yote miwili akaniombea dua. Mwanamke yule hakuniuliza swali hata moja. Alinionea haya, mimi msomi.

Siku chache baadaye nikarudi Msimbu, safari hii kwa shangazi yangu mwenyewe, Shangazi Mwajuma, dada wa baba. Binti yake Zuhura naye alikuwa ndani. Na somo wake alikuwa Bi Tatu. Huyu Bi Tatu ndiye aliyemfunda shangazi, ndiye aliyenifunda na mimi. Mwanamke mfupi, sauti ndogo, si mtu wa kucheka ovyo. Akikutazama unajikuta unaangalia kama kanga yako imekaa sawa.

Nimkumbuke kwa haki: hakuwa mtu wa kuchukia hospitali. Wanawake wa kujifungua aliwasukuma kwenda zahanati kabla sisi hatujaanza kuwahubiria. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo hakuilegeza. Kinachoingia kinywani mwa mwali huonjwa kwanza na aliyekileta. Kama ni uji, aliyeupika aonje. Kama ni embe, aliyelichuma alikate alile kipande. Wengine walisema ni kwa kuogopa sumu na husuda. Yeye alisema mtu akijua ataonja, hupika vizuri.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea nini?"

"Dawa ya Zuhura, bibi. Inaleta hamu ya kula, na inamtuliza."

"Haya. Onja."

Nikacheka. "Bibi, hii ya kiwandani. Ina kizibo, haijaguswa na mkono wa mtu."

"Kwani mwali anakunywa kizibo?"

Shangazi akacheka mpaka akashika ubavu. Nami nikacheka, nikafungua chupa, nikajaza kijiko. Kikafika karibu na mdomo, mkono ukasimama. Mchana ule nilitakiwa Kisarawe mjini, nisimame mbele ya waganga, na Kaka Deo atakuwepo na wakubwa zake waliokuja kuniona mimi, binti mwenye kichwa cha biashara. Kijiko kile, kwa joto lile, kingenifanya nisinzie mbele yao.

"Bibi, mimi nina kazi mchana. Siwezi kunywa."

"Kazi na kijiko vinagombania nini?"

Shangazi aliacha kucheka, akanitazama. Nikasema, "Inaleta usingizi, bibi."

Bi Tatu hakupandisha sauti, na ningefurahi kama angepandisha. Alikichukua kijiko mkononi mwangu, akaimwaga dawa mchangani, akakifuta kwa ncha ya kanga.

"Kumbe ulikuwa unajua," alisema. "Usingizi ukija kwako ni usingizi. Ukija kwa Zuhura unaitwa kutulia."

Kisha akaongeza, na hapa ndipo aliponimaliza: "Mwanaidi, wewe nilikuweka ndani mimi. Nilikufundisha kunyamazia siri za nyumba. Sikukufundisha kumnyamazia mtu habari za mwili wake."

Nimewahi kufeli mtihani, mwanangu, nimewahi kusemwa na waganga wakuu mbele ya watu. Aibu ya siku ile ilikuwa nyingine. Nilitamani anipige.

Akaniuliza kama kuna mwingine niliyempelekea. Nikamtaja Mama Rehema. Hata sikumaliza, alikuwa ameshavaa kandambili zake.

Tulikatiza katikati ya mikorosho, yeye mbele mimi nyuma. Mama Rehema alitupokea kwa furaha ambayo mpaka leo inaniuma. "Mwanangu, dawa yako! Rehema anakula, analala, hasumbui. Somo wake kaenda kuzika Mlandizi, nimebaki naye mwenyewe wala sipati taabu. Nikaona siku zimebaki chache, kijiko kitamfikisha wapi? Nampa kwa kikombe."

Alinyanyua kikombe cha kahawa kunionyesha. Nikampita nikaingia chumbani.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya liwa. Rehema alikuwa ameegemea ukuta, mashavu ya moto, midomo imekauka mpaka imepasuka. Macho yalikuwa wazi, mboni kubwa, lakini hakutuona. Vidole vyake vilikuwa vinachuma kitu hewani. Nilipomwita aliniita kwa jina la bibi yake aliyekwisha kufa. Nikamuuliza mama yake mara ya mwisho mtoto alikwenda haja lini. Akafikiri, akasema jana, labda asubuhi.

"Mama, huyu aende hospitali sasa hivi," nikamwambia.

"Sasa hivi? Mchana huu?" Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Mwali atoke kabla ya siku yake, watu wamwone? Baba yake ameshaalika watu mpaka wa Mlandizi. Hapana. Si wewe mwenyewe ulisema dawa inamtuliza? Basi ametulia. Mwache alale."

Hilo ndilo lililotukuta, mwanangu. Mtoto anakufa, na kilichoziba mlango ni neno langu mwenyewe. Ningeweza kumweleza habari za figo na moyo, angenisikiliza na asingeamini, kwa sababu nilikwisha kumpa neno tamu kabla ya lile chungu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ilibidi niseme lile ambalo lilikuwa gumu kuliko yote.

"Mama, nilikuficha. Dawa hii inaleta usingizi, na ikizidi inaua. Nilijua tangu siku ile nilipoileta."

Alikaa chini kwenye sakafu, kikombe bado kimo mkononi. Nilimwona anageuza macho kutoka kwa mwanawe hadi mlangoni, anapima aibu na mauti. Usimcheke. Wewe umekulia mjini, hujui uzito wa mwali kuonwa kabla ya siku yake. Kuna nyumba ambazo jambo hilo lilizifuata mpaka kwa wajukuu.

Bi Tatu akapiga magoti mbele yake. "Aibu hiyo nipe mimi," akamwambia. "Waambie Bi Tatu kazeeka, kavunja mila kwa mkono wake. Mimi sina binti tena wa kuoza, watanifanya nini?" Akavua kanga yake ya juu, akamfunika Rehema tangu kichwani, tukambeba.

Barabarani tulisimamisha pikapu ya mkaa. Dereva alikuwa mtu mzima. Alipoona jinsi mtoto alivyofunikwa kanga, alielewa, akageuza uso upande wa pili mpaka tulipokuwa tumepanda na kukaa. Akashusha magunia yake pembeni mwa njia, akayaacha hapo hapo, akatupeleka hospitali ya Kisarawe bila kuuliza jambo. Sijui jina lake. Namwombea kila Ijumaa kwa jina la dereva wa mkaa.

Daktari nilimweleza yote: dawa ipi, kikombe kipi, tangu lini. Hiyo ndiyo faida pekee ya elimu yangu siku ile. Walimtundikia maji, wakampitishia mpira wa mkojo, wakakaa naye. Kesho yake alimtambua mama yake, akaomba maji ya kunywa. Mama yake alilia kwa sauti, na manesi wakamwacha alie.

Kaka Deo alinifuata pale hospitali. Hakunigombeza, nisimsingizie. Aliniita pembeni, uso umemshuka. "Mwanaidi, walizidisha dozi wenyewe. Si ndiyo ukweli? Sema hivyo, tuyamalize."

"Ni kweli walizidisha," nikamjibu. "Lakini hakuna aliyewaambia cha kuogopa."

Alifikicha macho. Kisha akanyoosha mkono, nikampa begi. Ile meza iliyokuwa inanisubiri sikuiona tena. Chuo walinisikiliza, wakaniambia nirudie fildi, na mara hii wodini; wenzangu wakavaa majoho mimi nikiwa bado napima joto la watu. Nililia, sikudanganyi. Baba hakuuliza mengi. Alisema, "Mtoto wa watu yuko hai?" Nikamwambia yuko hai. Akarudi shambani kwake.

Lakini siku ya ngoma ilipita Rehema akiwa kitandani. Wageni walifika wakageuza. Mwali huchezwa mara moja tu, mwanangu, na siku hiyo ikipita haiitwi tena.

Alipopewa ruhusa nilikuwepo. Alitoka wodini amefunikwa ile ile kanga ya Bi Tatu, mama yake kamshika mkono, hanitazami. Pale uani kulikuwa na foleni ya kliniki, kina mama na vichanga vyao. Bi Tatu akamsimamisha Rehema katikati ya uwanja, juani, akamfunua uso taratibu kama inavyotakiwa. Mtoto alikuwa amekonda kuliko siku aliyowekwa ndani. Kisha yule bibi akaanza kupiga makofi, peke yake, akaimba wimbo wa kumtoa mwali. Sauti yake ndogo, haina ngoma wala zumari. Wimbo ule una kuitikia, na hakuna aliyeitikia. Mama Rehema alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Bi Tatu akanigeukia. "Itikia," akaniambia.

Niliitikia. Nalia, napiga makofi, hivyo hivyo mpaka wimbo ukaisha. Hiyo ndiyo ngoma ya Rehema. Bibi mmoja mzee, na mimi niliyempelekea ile chupa. Rehema yu hai, ana watoto wakubwa, na tukikutana ananiamkia vizuri. Mama yake alikufa hajanisamehe kwa mdomo. Sikumdai.

Mwanangu, siku hizi hamtembei tena kwa miguu hadi Msimbu. Mnatuma tangazo kwenye simu, dakika hiyo hiyo limefika kwa kina Mama Rehema wengi ambao hutawaona uso, wala hutakuwepo kijiko kitakapogeuka kikombe. Kwa hiyo shika haya ninayokwambia. Uza dawa, uiuze kwa bidii, lakini madhara yake uyataje kwa sauti ile ile uliyotajia faida yake. Sisemi ukaonje kila chupa. Mjinga ndiye hunywa dawa ya ugonjwa asiougua. Nasema jiulize, kabla hujafungua mdomo: je, neno hili ningelikubali kama anayeambiwa ni mimi, na atakayemeza ni mwanangu? Likikukwama wewe, usimpe mwenzio. Na wakikupa neno laini la kufunikia neno gumu, waambie hulijui. Usiipeleke biashara ya watu kwenye mlango uliofunguliwa kwa sababu ya jina la ukoo wako. Watu wanapoacha kukuuliza maswali kwa sababu wanakuamini, hapo ndipo unapotakiwa kuwajibu hata wasiyouliza. Na ukikosea, maana utakosea, kimbia ukaseme kabla hujatafuta wa kumtupia. Aibu ya kusema ni ya siku moja. Maiti haina siku ya kurudi.

Nenda, mwanangu. Mungu aulainishe ulimi wako kwa ukweli na aufanye mzito kwa hila. Akupe riziki ambayo hutaogopa kuulizwa ilikotoka. Mlango utakaoubisha ufunguliwe kwa heri, na ukishaondoka, waliobaki ndani wawe wazima. Amina.